Warsha bila karakana haziwezi kuzaa wahandisi

IWAPO idadi ya semina na warsha ingekuwa ndicho kipimo cha elimu bora, shule za uhandisi katika vyuo vikuu vya umma nchini zingekuwa miongoni mwa zinazosifika zaidi barani.

Ni nadra muhula kupita bila tangazo la kongamano, semina au warsha. Mabango huning'inizwa langoni, wageni wa heshima hualikwa, hotuba za ufunguzi husomwa, picha za pamoja hupigwa na vyeti vya kuhudhuria hutolewa. Mada nazo huvutia: kawi safi, akili unde, barabara za kustahimili mafuriko, nyumba za bei nafuu na viwanda vya kesho.

Hata hivyo, mwanafunzi anayetoka katika ukumbi huo na kuvuka ua hadi kwenye karakana ya chuo chake huenda akakuta hali tofauti kabisa. Si ajabu akute darasa zima limeizingira mashine moja ya kukereza chuma, wachache walio mbele wakitazama na waliobaki nyuma wakinakili maelezo kutoka kwa wenzao. Atafanya mtihani juu ya mashine hiyo, na pengine ataupita, bila kuwahi kuigusa.

Lugha ya Kiswahili ina uwezo wa kutenganisha mambo haya mawili ambayo Kiingereza hukiita kwa jina moja. Karakana ni mahali pa kazi: pana tanuri, jiliwa, msumeno, cheche na harufu ya mafuta. Warsha, kwa matumizi ya siku hizi, ni mkutano wa mafunzo: pana viti, projekta, ratiba na mapumziko ya chai.

La kushangaza ni kwamba neno warsha lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao mpaka leo hulitumia kwa maana ya karakana ya fundi. Lilipofika kwetu likaacha nyundo na kushika kalamu. Kwa kiasi fulani, mafunzo ya uhandisi nchini nayo yamefuata njia iyo hiyo.

Chimbuko karakanani

Mafunzo haya yalianzia kwenye kazi za mikono. Chuo cha Royal Technical College jijini Nairobi, kilichopata hati yake mwaka wa 1951 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1956, kilinuiwa kufundisha ufundi na taaluma za kazi kwa manufaa ya Afrika Mashariki yote.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka wa 1963, Makerere ilijulikana kwa udaktari, Dar es Salaam kwa sheria, nayo Nairobi kwa uhandisi. Mwaka wa 1970 Nairobi ikawa chuo kikuu kinachojisimamia.

Chuo cha Kenya Polytechnic, kilichofunguliwa mwaka wa 1961, kilijaza pengo la mafundi sanifu, yaani wale wanaosimama kati ya mhandisi mwenye mchoro na kibarua mwenye sururu. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1981, chuo cha Jomo Kenyatta kikaanza huko Juja, kwenye hekta 200 za ardhi zilizotolewa na Mzee Kenyatta mwenyewe mwaka wa 1977. Serikali ya Japan ilisaidia kwa majengo na mashine, na ikawatuma wataalamu wa kufundisha namna ya kuzitumia.

Imani hiyo katika kazi ya mikono ilionekana wazi zaidi mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya. Wapo waliocheka. Lakini mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, na ilielezwa kuwa yaliweza kufikia kasi ya kilomita 120 kwa saa.

Magari hayo hayakupata kuuzwa sokoni. Fedha za kuanzisha kiwanda hazikupatikana, na Nyayo ikabaki kuwa mfano wa ndoto iliyokatizwa. Hata hivyo, wanaoikumbuka kwa kejeli husahau jambo moja muhimu: kwa miaka kadhaa, wahadhiri, mafundi na wanafunzi walilazimika kukaa kwenye karakana moja na kutatua matatizo ambayo hayakuwa na majibu nyuma ya kitabu. Mitambo na ujuzi vilivyosalia vikawa msingi wa shirika la Numerical Machining Complex, ambalo limekuwa likitengeneza vipuri vya viwandani.

Viti vikaongezeka

Kilichofuata ni upanuzi wa haraka. Mwaka wa 2012 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu saba vya umma. Kufikia mwaka wa 2013 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 22, baada ya vyuo vishiriki kadhaa kupandishwa hadhi kwa mpigo.

Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilikuwa miongoni mwa taasisi zilizogeuzwa kuwa vyuo vikuu. Wazazi walishangilia kwa sababu nafasi za shahada ziliongezeka. Wachache waliuliza ni nani sasa angewafundisha mafundi sanifu, au kama mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya wanafunzi mia zingetosha wanafunzi elfu.

Darasa la hisabati linaweza kupanuliwa kwa kuongeza viti na kipaza sauti. Karakana haipanuliwi hivyo. Inataka umeme wa nguvu, vipuri, malighafi ya kuharibiwa na wanaojifunza, vifaa vya kukinga macho na mikono, na fundi sanifu wa kusimama kando ya kila kundi. Chuo chenye madeni ya mamilioni kwa wauzaji bidhaa na kwa wafanyakazi wake chenyewe hukata gharama hizo kwanza, maana mashine iliyokufa haiandamani.

Ni katika hali hii ambapo semina na warsha zilishamiri. Kuandaa mkutano wa siku mbili ni rahisi kuliko kununua mashine na kuitunza kwa miaka 20. Mfadhili hupata ripoti yenye picha kabla ya mwaka wake wa fedha kumalizika. Mhadhiri hupata makala ya kuwasilisha, jambo linalohesabiwa anapotafuta kupandishwa cheo. Mwanafunzi hupata cheti cha kuweka kwenye faili ya kuombea kazi. Kila mmoja huondoka na kitu mkononi, nayo karakana hubaki kama ilivyokuwa.

Msukumo wa sheria

Sheria nayo imeongeza kasi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011, aliyehitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hutakiwa kufanya kazi kwa angalau miaka mitatu kabla ya kukubaliwa kuwa mhandisi kamili. Hata akishafika hapo, leseni yake huambatana na sharti la kuendelea kujifunza.

Sharti hilo ni la busara. Mhandisi aliyemaliza masomo kabla ya simu za mkononi kuingia nchini hawezi kudai kuwa anajua yote yanayohitajika leo. Tatizo ni namna linavyotimizwa. Alama za kuendeleza taaluma hupatikana kwa urahisi zaidi kwa kuketi ukumbini, tena mara nyingi baada ya kulipa ada. Kijana ambaye hajapata ajira, na ambaye ndiye mwenye uhitaji mkubwa wa ujuzi, ndiye anayeumia zaidi mfukoni.

Gharama ya kupuuza karakana imewahi kuonekana hata mahakamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, bodi ya kusajili wahandisi ilikataa kuzitambua baadhi ya shahada za uhandisi zilizotolewa na vyuo vikuu vya humu nchini. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Egerton walienda kortini, na kesi yao ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake mwaka wa 2018.

Mawakili walibishana kuhusu ni chombo kipi chenye mamlaka ya kuidhinisha kozi. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2016 yaliyaweka mamlaka hayo mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, lakini mvutano na mashirika ya taaluma haukuisha hapo. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Walioumia ni vijana waliosoma kwa miaka mitano, wazazi wao wakauza ng'ombe na mashamba, kisha wakaambiwa kwamba kilichoandikwa kwenye cheti hakitoshi.

Nyuma ya hoja zote za kisheria lilikuwepo swali ambalo korti haiwezi kulijibu kwa niaba ya vyuo: je, kijana huyu ameshika kazi yenyewe, au amesimuliwa tu?

Zinazofaa zipo

Itakuwa ni kukosa haki kudai kwamba semina zote ni kazi bure. Ipo mifano inayoonyesha kuwa mafunzo mafupi yakiunganishwa na kazi halisi huweza kubadilisha taifa.

Chukua kawi ya mvuke. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Wakati huo wataalamu wa Kenya katika fani hiyo walikuwa wachache mno. Leo Kenya inaongoza Afrika kwa umeme wa mvuke, ikiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 900.

Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na mafunzo. Iceland ilianzisha mwaka wa 1979, kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, programu ya kuwafunza wataalamu kutoka nchi zinazoendelea. Wakenya wengi wamepitia humo. Kuanzia mwaka wa 2005, mafunzo mafupi ya aina hiyo yaliletwa Naivasha, karibu na visima vyenyewe, yakawafaidi pia wataalamu wa mataifa jirani.

Siri yake haikuwa hotuba. Anayekwenda Iceland hukaa huko miezi sita, na kazi yake ya mwisho mara nyingi huhusu takwimu alizotoka nazo kwao. Akirejea, kisima kinamsubiri. Akikosea hesabu, mvuke utamsuta. Kwa namna hiyo mafunzo na kazi huwa ni kitu kimoja, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, chenye taasisi yake ya masuala ya mvuke, kimeufuata mkondo huo.

Mfano wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 2016 chuo hicho kilichaguliwa katika mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga za juu la Japan, JAXA, unaozipa nchi zinazoendelea nafasi ya kurusha setilaiti ndogo. Mnamo Mei 11, 2018, setilaiti ya 1KUNS-PF, yenye upana wa sentimita 10 tu kila upande, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu.

Wapo waliouliza kisanduku kidogo kama hicho kina faida gani kwa mlipa kodi. Jibu ni kwamba walioshiriki walilazimika kufikia tarehe isiyoahirishwa na kutimiza vipimo visivyokubali udhuru. Roketi haimsubiri aliyechelewa kwa sababu mgeni wa heshima hajawasili.

Siku 28 za zege

Kwa upande mwingine, taifa limelipa kwa damu pale kazi za uhandisi na za ujenzi zilipofanywa ovyo. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Mnamo Juni 26, 2017, daraja la Sigiri huko Budalang'i lilianguka kabla hata halijakamilika. Mnamo Mei 9, 2018, bwawa la Solai katika Kaunti ya Nakuru lilipasuka na kuwaangamiza zaidi ya watu 40.

Vyuo vikuu haviwezi kubebeshwa lawama ya mikasa hiyo. Ujenzi bila idhini, tamaa ya wenye mali, maafisa wanaofumba macho na wakaguzi wachache ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kila mara jengo linapoanguka. Lakini kila mkasa ulikuwa somo ambalo shule za uhandisi zingelitumia kuandaa warsha za kweli.

Tuchukue zege, yaani mchanganyiko wa simiti, mchanga, kokoto na maji. Nguvu yake hupimwa kwa kumimina mchemraba, kwa kawaida wa milimita 150 kila upande, kuutunza kwenye maji, kisha kuukandamiza kwa mashine mpaka uvunjike. Kipimo kinachokubalika hutolewa siku ya 28. Maji yakizidi kwenye mchanganyiko, nguvu hupungua, na hakuna plasta wala rangi itakayoirejesha.

Mwanafunzi anaweza kuelezwa haya yote kwa dakika tano ukumbini, naye akayaandika. Lakini akimimina michemraba miwili kwa mikono yake, mmoja wenye maji ya kutosha na mwingine uliozidishiwa maji kama wanavyofanya vibarua ili koleo lipite kwa urahisi, kisha akarudi baada ya siku 28 na kuisikia ikivunjika kwa uzito tofauti, hatasahau maisha yake yote. Siku atakaposimama kwenye mjengo na kuombwa atie sahihi, atakumbuka mlio ule.

Warsha ya siku mbili haiwezi kusubiri zege ikomae. Karakana inaweza.

Lililo mbele

Kwanza, vyuo havina haja ya kufuta semina. Kinachohitajika ni kubadilisha mahali zinapoishia. Warsha kuhusu kawi ya jua inafaa kuhitimishwa kwa pampu inayovuta maji. Ile ya barabara ihitimishwe kwa vipimo vya udongo kutoka kwenye barabara inayojulikana. Pasipo na kitu kilichotengenezwa, kilichopimwa au kilichorekebishwa, mkutano huo uitwe mhadhara, nao uandaliwe kwa gharama ya mhadhara.

Pili, wanaotoa alama za kuendeleza taaluma wana nafasi ya kuelekeza mkondo. Mhandisi anayetumia wiki nzima katika karakana ya chuo akiwaelekeza wanafunzi anastahili alama nyingi kuliko aliyeketi hotelini akipitia ujumbe wa simu. Kwa njia hiyo vyuo vingepata wakufunzi wenye uzoefu bila kuongeza mzigo wa mishahara.

Tatu, waajiri wanastahili kuwajibika. Kila mwajiri hutozwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, ada inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Licha ya hayo, mwanafunzi anayetafuta nafasi ya mafunzo ya nyanjani bado huzunguka na barua mkononi kutoka ofisi hadi ofisi. Anayepata huenda akaishia kupiga nakala na kutumwa chai. Pana haja ya waajiri na vyuo kukubaliana mapema juu ya kile ambacho kijana atakifanya, nani atamsimamia na atapimwa vipi.

Nne, mlango ufunguliwe kwa mafundi wa jua kali. Kutoka shule ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Kamukunji ni mwendo wa mguu tu. Huko, tangu asubuhi, nyundo hugonga bati na chuma likageuzwa kuwa sufuria, jiko na toroli. Wahandisi wengi wa nchi hii walienda shule za bweni wakiwa na masanduku yaliyoundwa pale, lakini ni wachache waliorudi na shahada zao kumuuliza aliyeliunda sanduku ni kwa nini bawaba yake huvunjika.

Fundi huyo anajua chuma kwa mkono na kwa sikio. Mhandisi anakijua kwa hesabu. Warsha inayowaketisha wawili hao meza moja, yenye jiliwa juu yake, ina faida kwa pande zote mbili. Fundi atapata vipimo sahihi na soko pana, naye msomi atagundua kuwa mchoro wake hauwezekani kwa vifaa vilivyopo.

Wako watakaosema kuwa fedha hazipo. Ni kweli kwamba vyuo vimelemewa. Hata hivyo, ukumbi wa hoteli, vyakula, mabango, mikoba yenye nembo na marupurupu ya safari pia hulipiwa. Chuo kingeweza kuanza kwa kutangaza kila mwaka mambo mawili: kilitumia kiasi gani kwa warsha, na kilitumia kiasi gani kwa karakana. Tarakimu hizo mbili zikibandikwa ubao mmoja, mjadala ungejianza wenyewe.

Muda nao unayoyoma. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na sehemu yao wamechagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Hawa wanatarajiwa kujiunga na vyuo vikuu mwaka wa 2029. Tangu shule ya msingi wamezoeshwa, walau kwa mujibu wa mtaala, kujifunza kwa kutenda: kupanda, kushona, kuunda na kueleza walichounda. Wazazi wao wamegharamika kwa gundi, mbao na makaratasi ya miradi hiyo.

Watakapobisha hodi katika shule za uhandisi, swali lao la kwanza litakuwa karakana iko wapi. Vyuo vina miaka mitatu ya kuandaa jibu, na jibu hilo halitapatikana kwenye semina nyingine ya kujadili mustakabali wa uhandisi nchini.